Kocha mkuu wa kriketi India anapatikanaje? Vigezo, usaili na neno la nahodha

Kuifundisha timu ya taifa ya kriketi ya India ni kazi yenye presha kubwa. Vyeti na mechi nyingi humfikisha mtu kwenye usaili, lakini asipoelewana na nahodha, kibarua huota nyasi hata kama timu inashinda.

Nani anaruhusiwa kuomba?

Bodi ya Kriketi ya India, BCCI, huitangaza nafasi hiyo hadharani. Mei 2024, ilipotafuta mrithi wa Rahul Dravid, ilitaka mtu mwenye umri chini ya miaka 60 anayetimiza angalau kigezo kimoja kati ya hivi:

- Amecheza mechi 30 za Test, zile za siku tano, au mechi 50 za kimataifa za ova 50.
- Amekuwa kocha mkuu wa taifa linalocheza Test kwa miaka 2 au zaidi.
- Amefundisha kwa miaka 3 au zaidi timu ya ligi ya IPL, timu ya taifa lisilocheza Test, au timu nyingine ya kiwango hicho.
- Ana cheti cha ukocha cha daraja la 3 cha BCCI au kinacholingana nacho.

Fomu iliwekwa mtandaoni, na vituko vikaanza. Vyombo vya habari vya India viliripoti kuwa maombi yalizidi 3,000, mengine yakiwa ya utani kwa majina ya watu maarufu, akiwemo Waziri Mkuu Narendra Modi.

Nani anachuja?

Kazi hiyo ni ya Kamati ya Ushauri ya Kriketi, inayoundwa na wachezaji wa zamani. Mwaka 2016 walikuwemo Sachin Tendulkar, Sourav Ganguly na VVS Laxman. Mwaka 2019 aliiongoza Kapil Dev, nahodha wa mabingwa wa dunia wa 1983. Kamati husaili na kupendekeza jina, kisha bodi hutangaza.

Tarehe 9 Julai 2024 lilitangazwa jina la Gautam Gambhir. Hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote kubwa, ila alikuwa amecheza Test 58, kufunga mikimbio 97 katika fainali ya Kombe la Dunia 2011, na kuwa mshauri wa Kolkata Knight Riders waliotwaa IPL chini ya miezi miwili kabla.

Kwa nini nahodha ana sauti kubwa?

Kwa mpenzi wa soka hili linaweza kushangaza. Kwenye soka kocha husimama pembeni ya uwanja, akipiga kelele na kubadilisha wachezaji. Kwenye kriketi, mchezo ukianza, nahodha ndiye anayeamua nani arushe mpira na kila mtu asimame wapi. Kocha huandaa timu, kisha hukaa na kutazama.

Wawili hao wakivutana, timu nzima huyumba. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Kisa cha Kumble

Anil Kumble, mrushaji aliyechukua wiketi 619 za Test, alipewa kazi Juni 2016 kati ya waombaji 57. Ndani ya mwaka mmoja India ilishinda mfululizo wote mitano ya Test iliyocheza.

Tarehe 18 Juni 2017 India ikafungwa na Pakistan katika fainali ya Champions Trophy jijini London. Siku mbili baadaye Kumble akajiuzulu. Alieleza kuwa bodi ilimwambia nahodha, Virat Kohli, hakuridhika na mtindo wake wa kazi. Mwezi uliofuata nafasi ikaenda kwa Ravi Shastri, akadumu hadi 2021.

Haikuwa mara ya kwanza. Greg Chappell wa Australia aliajiriwa 2005 na mwaka huohuo akagombana na nahodha Ganguly. Aliondoka 2007, India ilipotolewa mapema Kombe la Dunia.

Kocha wa kudumu aliyefuata, Gary Kirsten wa Afrika Kusini, hakuwa amefundisha timu ya taifa kabla. Alikuwa mtu mtulivu, akaelewana na nahodha MS Dhoni, na 2011 wakabeba Kombe la Dunia.

Kenya nayo inalijua hili

Mhindi Sandeep Patil aliifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, ikaenda kufungwa na India mjini Durban.

Agosti 2024 Kenya ilimtambulisha Mhindi mwingine, Dodda Ganesh. Hakumaliza hata miezi miwili: bodi ilikataa kuuidhinisha uteuzi wake, ikisema utaratibu haukufuatwa. Kule kwa Kumble usaili ulifanyika vizuri, ila maelewano yakakosekana. Huku kwa Ganesh, mambo yaliharibika kabla hata ya kujua kama angeelewana na wachezaji.

Mkataba unaisha lini?

Mkataba uliotangazwa 2024 unafika 31 Desemba 2027, baada ya Kombe la Dunia litakaloandaliwa na Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Kwa kocha wa India, tarehe ya kwenye karatasi si kinga. Kumble aliondoka na rekodi nzuri mkononi.