Nani Amlinde Bwana Afya wa Likasi?

Kampuni ya shaba ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na miaka yake ya mwanzo huko Katanga, Kongo, ilizika wafanyakazi wengi waliouawa na kuhara, homa ya matumbo na nimonia. Mwaka 1928 kampuni ilianza kuwaweka watu kambini kwa mikataba ya miaka mitatu, pamoja na wake zao. Hapo usafi ukaingia katika hesabu ya shaba, maana mgonjwa hayeyushi madini. Panda na Shituru, katika mji uliokuja kuitwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, zikapata nyumba za safu na zahanati. Lakini aliyekagua usafi wa kambi alikula posho ya kampuni. Angeweza kumwamuru mama afagie ua. Moshi wa kiwanda angemshtakia nani?

Kujiunga pamoja ili mtu asisimame peke yake kulikuwa hatari. Mgomo wa Desemba 1941 uliwashika watu wa Panda na Shituru, na tarehe 9 askari wakafyatua risasi Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwafrika aliruhusiwa kuwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1946. Mwaka 1967 dola ikaitwaa kampuni, ambayo baadaye ikawa Gécamines, na mwaka huohuo vyama vya wafanyakazi vikasukumwa kuwa kimoja chini ya Rais Mobutu.

Watu wa Katanga walisema kazi ni baba, kazi ni mama. Baba akaanguka. Kuanzia mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa malipo ya mkupuo. Mapema mwaka 2008 kipindupindu kiliisumbua Likasi, na miezi michache kabla yake madini yenye mionzi yalikuwa yametupwa katika mto Mura, karibu na mji.

Mura ndiyo inayonisumbua zaidi. Kuchota maji ya mto na kuyapima ni kazi ya ujuzi. Kumtaja aliyeyachafua ni kazi ya ujasiri, na mtu mmoja mwenye mshahara mdogo haiwezi peke yake. Uingereza wakaguzi wa afya walijiundia chama mwaka 1883. Tanzania ilitunga sheria ya kuwasajili wataalamu wa afya ya mazingira mwaka 2007. Kongo yenyewe iliwapa madaktari baraza lao mwaka 1968, na wauguzi mwaka 2016. Bwana afya anayekagua visima na vyoo vya Likasi anastahili heshima hiyohiyo kisheria, na wabunge wa mkoa wake wa Haut-Katanga wanapaswa kuidai huko Kinshasa.