Walioshika Ufunguo: Historia Fupi ya Kamati za Maktaba, na Deni Letu kwa Kamati ya Nyumbani

Ndugu zangu wana wa Upare, mlio nyumbani na mlio mijini,

Desemba iliyopita, tulipopanda milimani kwa sikukuu kama ilivyo desturi yetu, mwenyekiti wa chama alinipa kazi ndogo. Nipitie hesabu za maktaba ya kata kabla ya mkutano mkuu. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Maktaba yetu ni chumba kimoja, meza nne na rafu za mbao, na kamati yake ni watu saba wasiolipwa hata nauli. Nikakabidhiwa kaunta buku na bahasha ya stakabadhi.

Upande wa mapato kulikuwa na michango yetu ya mara mojamoja na faini za vitabu vilivyochelewa kurudishwa. Upande wa matumizi kulikuwa na umeme wa LUKU, gundi, karatasi za kufunikia vitabu, kufuli, bati moja lililong'olewa na upepo, na ujira wa mlinzi. Karibu kila mwezi matumizi yalizidi mapato, na bado hapakuwa na deni popote. Mhasibu yeyote atawaambia kwamba jambo hilo haliwezekani. Fedha ikitoka, kuna mahali ilikotoka.

Nikamwendea mhazini, mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la nne.

"Shikamoo mwalimu. Pengo hili limezibwa na nani?"

"Marahaba mwanangu. Tunachangishana sisi wajumbe. Hatukuandika kwa sababu hiyo si fedha ya maktaba, ni ya mifukoni mwetu."

Niliona haya, na nitawaambia kwa nini. Miaka michache nyuma, katika kikao cha tawi letu la Dar es Salaam, mimi ndiye niliyesimama nikasema chama hiki kinajenga, hakilipi gharama za uendeshaji. Nilipigiwa makofi. Basi makofi yale yalilipwa na wastaafu saba wa nyumbani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya kamati za namna hii, kutaka kujua kama tatizo letu ni geni. Si geni hata kidogo. Naomba niwasimulie kwa kifupi.

Watu 50 wa Philadelphia

Mwaka 1731, katika mji wa Philadelphia, Benjamin Franklin na wenzake walianzisha maktaba ya kuchangia. Mpango wao ulikuwa rahisi. Watu 50 walitoa shilingi 40 kila mmoja za kununulia vitabu vya kwanza, kisha shilingi 10 kila mwaka. Walichagua wakurugenzi miongoni mwao, wakawa na katibu na mtunza hazina. Vitabu vya kwanza viliagizwa kutoka London.

Tazameni hesabu ile kwa jicho la mhasibu. Shilingi 40 ndiyo ya kuanzia, na shilingi 10 ndiyo ya kuendelea. Tangu siku ya kwanza walijua kwamba maktaba haimalizwi kwa kuizindua. Maktaba ile ipo hadi leo.

Franklin aliandika jambo jingine ambalo wajumbe wa kamati yoyote wangelielewa. Alipokwenda kuomba michango kwa jina lake, watu walisita, wakidhani anajitafutia sifa. Akajiweka nyuma, akasema mpango huu ni wa marafiki kadhaa, naye ametumwa tu kuupeleka kwa wapenda kusoma. Tangu hapo kazi ikaenda vizuri zaidi. Tabia hiyo ya kujificha nyuma ya kazi imebaki kwa wajumbe wengi wa maktaba. Ni tabia njema, ila ina hasara moja: wanaojificha husahauliwa.

Masharti ya Carnegie

Karne moja na nusu baadaye alitokea tajiri wa chuma, Andrew Carnegie, aliyezaliwa Scotland na kutajirikia Marekani. Fedha yake ilijenga maktaba 2,509 katika nchi mbalimbali, ya kwanza ikiwa katika mji wake wa kuzaliwa, Dunfermline, mwaka 1883. Wengi wanajua habari ya majengo. Wachache wanajua masharti. Mji ulioomba jengo ulitakiwa kutoa kiwanja, na kuahidi kutenga kila mwaka fedha ya uendeshaji isiyopungua asilimia 10 ya gharama ya jengo. Carnegie hakununua vitabu wala kulipa mishahara. Alitaka wenye mji waonyeshe kwamba wataitunza.

Baadhi ya miji ilikataa masharti hayo. Mingine iliyakubali, ikapokea jengo, kisha ikashindwa kutimiza ahadi. Mwanzoni mwa karne ya 20 vikaanza kuenea vikundi vya raia vilivyojiita marafiki wa maktaba: watu wa kawaida waliokusanya michango, wakauza vitabu vikuukuu, na kuwakumbusha wakubwa wa mji ahadi zao. Kazi yao ilikuwa kuziba pengo kati ya jengo na uhai wa jengo.

Nairobi: nani anaruhusiwa kuingia?

Tusogee karibu na kwetu. Mwaka 1931 ilifunguliwa Nairobi maktaba ya kumbukumbu ya McMillan, iliyojengwa na mjane wake kwa msaada pia wa fedha za shirika la Carnegie. Jengo lile lina nguzo nzito na simba wa mawe mlangoni, na liko hadi leo. Lakini kwa miaka mingi ilikuwa maktaba ya Wazungu peke yao. Ni mwaka 1962, uhuru ukikaribia, ndipo ilipokabidhiwa kwa halmashauri ya jiji.

Somo lake ni kwamba wenye maktaba ndio wanaoamua mlango ufunguliwe kwa nani. Kamati yetu ya nyumbani ilipoamua kwamba mtoto asiyelipa ada ya uanachama aruhusiwe kusomea mle ndani, ilifanya uamuzi mkubwa kuliko unavyoonekana. Pia ilipunguza mapato yake yenyewe, na wajumbe walilijua hilo walipopiga kura.

Masanduku, sheria na mwaka 1967

Kwa Waafrika wa nchi zetu, vitabu vilifika kwa njia nyingine. Ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1948 ilichapisha vitabu vya Kiswahili na vya lugha nyingine, na ilipeleka vitabu vijijini kwa masanduku na kwa posta. Sanduku lilihitaji mtu wa kulipokea, kuandika nani amechukua nini, na kulirudisha. Ndio waliokuwa watunza ufunguo wa kwanza wa nchi hii, ingawa majina yao hayamo vitabuni.

Baada ya uhuru serikali ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, na mwaka 1975 ikatungwa sheria mpya ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Mikoa ikaanza kupata maktaba. Ya mkoa wetu iko Moshi.

Wakati huo taifa zima lilikuwa darasani. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia mwaka 1986 serikali ilisema wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Ili waliojifunza wasisahau, vijiji vilipewa maktaba ndogo. Wengi wenu mlio na umri wangu na kuzidi mnakumbuka kabati la vitabu katika ofisi ya kijiji au nyumbani kwa mwalimu.

Makabati yale yalikwenda wapi? Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, vitabu vipya viliacha kufika. Vilivyokuwepo vilichakaa, ufunguo ukapotea, kabati likawekewa mafaili. Hakuna aliyekuja kuyafunga makabati hayo. Yalikosa shilingi 10 za kila mwaka, zile za Philadelphia.

Sisi na mambo ya pamoja

Kuna watakaosema kamati na bodi ni mambo ya kuiga. Kwetu Upare sikubali. Wazee wetu walichimba ndiva za kukusanyia maji ya umwagiliaji, na ndiva haikukaa miaka yote hiyo kwa bahati. Ilikuwa na wasimamizi, zamu za maji na siku za kuzibua tope, na asiyefika kazini alitozwa. Msaragambo ulipoitwa, kila nyumba ilitoa mtu. Wazee walijua kwamba kuchimba ni kazi ya msimu mmoja, na kuzibua tope ni kazi ya kila mwaka.

Tunajua pia uzito wa hesabu iliyo wazi. Kodi ya mbiru ilipoletwa na wakoloni miaka ya 1940, maelfu ya watu walishuka kutoka milimani mwaka 1945 wakakusanyika Same, na mwaka 1946 kina mama wa Usangi nao wakasimama. Mwanahistoria wetu Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo. Hoja yao haikuwa kukataa kulipa. Walichopinga ni namna kila mtu anavyokadiriwa. Kodi ile hatimaye iliondolewa. Wajukuu wa watu hao hawawezi kuombwa fedha bila kuonyeshwa mahesabu, na mimi sitawaomba hivyo.

Ninachoomba

Kwanza, kaunta buku la maktaba sasa lina ukurasa mpya. Nilimwomba mhazini aandike kila senti inayotoka mifukoni mwa wajumbe. Alikataa. Nilipomweleza kwamba asipoiandika tunajidanganya kuwa maktaba inajiendesha, alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, andika wewe. Mimi nitasaini." Tukaanza siku hiyohiyo. Hiyo si aibu yao. Ni kipimo cha upungufu wetu.

Pili, napendekeza kwa mkutano mkuu kwamba katika kila fedha tunayochangia jengo lolote la maktaba, sehemu ya kumi iwekwe kando kwa uendeshaji, na isiguswe kwa kazi nyingine. Carnegie aliidai kwa miji yenye uwezo. Sisi tujidai wenyewe. Niliyepinga jambo hili kikaoni ndiye ninayelileta, na mchango wangu wa mwaka huu nimeugawa hivyo tayari.

Tatu, wajumbe watano kati ya saba wamevuka miaka 65. Anayefungua mlango kila Jumamosi anatembea na fimbo. Fedha peke yake haiwezi kushika ufunguo. Tunahitaji vijana walioko nyumbani, walimu wapya, mafundi, wakulima wa tangawizi, yeyote mwenye saa mbili kwa wiki. Sisi wa mijini tunaweza kushika kazi zisizohitaji miguu yetu kuwa pale: kuandika barua za kuomba vitabu, kukagua hesabu kila robo mwaka, kutuma vitabu kwa basi.

Wengine mtauliza kama maktaba ina maana bado wakati kila kijana ana simu. Nilikaa mle ndani Jumamosi moja. Walikuwemo watoto wa kidato cha pili wakisoma kemia, wanne kwa kitabu kimoja, na mama mmoja aliyekuja kusoma gazeti la wiki iliyopita. Wale watoto niliwauliza kwa nini hawasomei nyumbani. Mmoja akajibu kwamba nyumbani kuna taa moja, na iko jikoni.

Saa kumi na moja jioni mwalimu alizima taa ili umeme usiishe kabla ya Jumatatu, akafunga mlango, akatia ufunguo kwenye khanga. Aliniuliza kama hesabu zimekaa sawa. Nikamwambia zimekaa sawa upande wake. Upande wetu bado, na fomu ya ahadi iko ukurasa unaofuata.