Modemu ya Kuchomeka na Linux: Historia ya Mtandao Unaokatika, kwa Mfano wa Nkololo

Modemu ya kuchomeka, ile yenye umbo la flashi inayobeba laini ya simu na kukaa kwenye mlango wa USB, ndiyo iliyofikisha intaneti kwenye kompyuta nyingi za vijijini Tanzania kabla simu janja hazijaenea. Waya za simu za mezani ziliishia mijini. Katika kata kama Nkololo, wilayani Bariadi, mawasiliano ya kuaminika yalikuja na mnara, na modemu ikawa daraja kati ya mnara huo na kompyuta. Kwa aliyetumia Linux, daraja hilo lilikuwa na ugonjwa mmoja sugu: linaunganisha, linakaa dakika kadhaa, kisha linakata, na taa ya modemu inaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mzizi wa ugonjwa ni wa zamani kuliko modemu hizi zenyewe. Mwaka 1981 kampuni ya Mmarekani Dennis Hayes ilitoa Smartmodem, kifaa kilichopokea maagizo kupitia waya uleule uliobeba data, kila agizo likitanguliwa na herufi AT. Miaka 25 baadaye modemu ya 3G ilikuwa bado inaigiza kifaa hicho. Kompyuta inaiagiza "ipige" *99#, ingawa hakuna simu inayopigwa popote. Ni namna tu ya kuomba data. Baada ya hapo hufunguliwa PPP, utaratibu wa mazungumzo uliotungwa kwa ajili ya waya za simu na kuwekwa katika kiwango chake cha sasa mwaka 1994. Teknolojia ya redio ilivikwa nguo za waya, na sehemu kubwa ya kukatika kulikofuata ilitokana na nguo hizo kutomkaa vizuri aliyevikwa.

Huawei E220, modemu iliyofungua enzi hii, ilitoka mwaka 2006. Vodacom Tanzania ilianza 3G mwaka 2007. Mwaka 2006 ilitungwa pia sheria iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku ili minara ijengwe kwenye kata ambazo makampuni yasingeenda kwa hiari yao. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na utegemezi wa setilaiti kwa mawasiliano ya nje ukaanza kupungua. Bariadi wakati huo ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Halotel, iliyoanza huduma Oktoba 2015, iliingia sokoni kwa mkazo wa vijijini.

Linux nayo ilikuwa imeshajipatia watumiaji nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mwaka huohuo ilizaliwa Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, na hadi mwaka 2011 CD zake zilitumwa bure kwa posta popote duniani. Kwa mwenye steshenari ya kijijini, anayechapa barua, kutoa fotokopi na kupokea flashi za kila aina kutoka kwa wateja, mfumo usioshikwa ovyo na virusi na unaokimbia kwenye kompyuta kuukuu ulikuwa na faida ya wazi. Kasoro ilikuwa modemu. Watengenezaji waliiunda wakiifikiria Windows.

Kwanza, ilikuwa inajificha. Ikichomekwa, ilijitambulisha kuwa CD yenye programu za Windows. Ni baada ya programu hizo kufanya kazi ndipo ilipogeuka kuwa modemu. Linux iliona CD, ikaifungua, basi. Amri ya lsusb ilionyesha namba 12d1:1446 kwa modemu ya Huawei ambayo bado ni CD. Kwa E1550, modemu nyingine ya Huawei, iliyokwisha kugeuka ilisomeka 12d1:1001. Aliyetatua hilo kwa upana ni Josua Dietze, mtunzi wa USB_ModeSwitch, programu ndogo inayotuma ujumbe wa kugeuza kifaa, pamoja na orodha ya vifaa iliyokusanywa kimojakimoja kutokana na taarifa za watumiaji. Kiendeshi kinachoipa modemu iliyogeuka milango ya ttyUSB kinaitwa option, kazi ya Matthias Urlichs, na jina limetokana na kampuni ya Option ya Ubelgiji. Watu hawa wanastahili kutajwa. Bila kazi yao, modemu iliyonunuliwa kwa fedha za msimu wa pamba ingebaki pambo mezani.

Baada ya kugeuka ndipo kukatika kulipoanza, na hapa chanzo cha kwanza kilikuwa PPP yenyewe. Programu ya pppd, inayoendesha PPP kwenye Linux, hutuma kila baada ya muda swali fupi la kupima kama upande wa pili uko hai. Kwenye waya wa simu, kukosa jibu kulimaanisha waya umekatika. Kwenye modemu ya USB anayejibu si mnara. Ni modemu yenyewe, na baadhi yake hazikujibu kabisa zikiwa zimebanwa na data. Kumbukumbu za mfumo ziliandika "No response to 4 echo-requests", kisha "Serial link appears to be disconnected", na muunganisho mzima ukafungwa na kompyuta ileile iliyouomba. Tiba ilikuwa mstari mmoja, lcp-echo-failure 0, unaoifanya pppd iache kukata kwa sababu hiyo. Watumiaji wengi walilaumu kampuni ya simu kwa miezi, na kosa lilikuwa kwenye faili la mipangilio. Kinyume chake, onyo la kwamba anwani ya upande wa pili haikujulikana na hivyo imewekwa 10.64.64.64 liliwatisha wengi bure, ingawa halina madhara.

Chanzo cha pili kilikuwa mnara, na kwa Nkololo hiki ndicho kizito. 3G ya mwanzo ilitumia masafa ya 2100 MHz, ambayo hayafiki mbali kama 900 MHz ya 2G. Kwa hiyo kila mnara ulikuwa na duara mbili: ndogo ya 3G na kubwa ya 2G. Kompyuta iliyo pembezoni mwa duara ndogo ilirukaruka kati ya hizo mbili, na kila mruko uliweza kuvunja kipindi cha data. Modemu ya Huawei ilisema jambo hili kwa taa: ikiwa imeunganishwa, samawati isiyopepesa ni 3G ya kasi, bluu ni 3G ya kawaida, kijani ni 2G. Aliyeketi akaona taa ikitoka samawati kwenda kijani na kurudi alikuwa amekwisha kupata jibu kabla ya kuandika amri yoyote. Aliyetaka namba aliandika AT+CSQ, ambayo hujibu kati ya 0 na 31, na 99 ikiwa kipimo hakijulikani; 10 ni sawa na dBm -93, na kila hatua moja ni dBm 2. Kwenye Huawei za wakati ule, AT^SYSCFG=14,2,3FFFFFFF,1,2 iliifunga modemu kwenye 3G pekee, na kuweka 13,1 mwanzoni badala ya 14,2 kuliifunga kwenye 2G. Mara nyingi 2G iliyotulia ilifaa kuliko 3G ya kuja na kuondoka: fomu ya maombi ya mkopo wa chuo inafunguka polepole, lakini inafika mwisho.

Umbali ulileta jambo la tatu ambalo watu hawakulihusisha na mnara, yaani umeme. Kifaa cha 2G kwenye 900 MHz kinaweza kurusha hadi wati 2 kwa vipindi vifupi sana, na kadiri mnara unavyokuwa mbali ndivyo kinavyopandisha nguvu. Mlango wa USB 2.0 hutoa milliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5. Kompyuta kuukuu, waya mrefu wa USB au mlango uliolegea havikuhimili, ndiyo maana E220 ilikuja na waya wenye vichwa viwili vya USB. Umeme ukipungua, kumbukumbu zinaandika "USB disconnect", kifaa kinatoweka sekunde chache, kisha kinarudi. Kwa kuwa pppd ilikuwa bado imeshikilia ttyUSB0, modemu ilirudi ikiwa na jina jingine, na wvdial, programu inayoiamuru modemu ipige, ikaendelea kuitafuta mahali isipokuwepo. Dalili ilifanana kabisa na mtandao mbovu. Mipangilio ya kubana matumizi ya betri ilifanya kitu kilekile kwa makusudi: ililaza mlango wa USB uliodhaniwa haufanyi kazi, hadi mtumiaji alipoandika neno on kwenye faili la power/control la kifaa.

Ubuntu 8.10 ya Oktoba 2008 ilileta modemu ndani ya NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, na muunganisho ukawa wa kubofya. ModemManager, inayosimamia modemu zenyewe, ilifuata. Ilirahisisha mengi, ila ikaleta ugomvi wake: ilipofungua milango ya ttyUSB kupima kilichopo, iligongana na wvdial ya waliozoea njia ya zamani. Programu mbili haziwezi kuongoza modemu moja, hivyo ilibidi moja izimwe.

PPP iliachwa hatua kwa hatua. Kiendeshi cha qmi_wwan kiliingia kwenye Linux 3.4 mwaka 2012, na cdc_mbim kwenye 3.8 mwaka 2013, vyote vikiipa kompyuta mlango wa mtandao badala ya simu ya kuigiza. Modemu za HiLink zilienda mbali zaidi: ni ruta kamili zenye ukurasa wao, kwa kawaida 192.168.8.1, na Linux huziona kama waya wa mtandao. Kwa hizo, kompyuta inaweza kuonyesha muunganisho mzima huku redio ya ndani imeshapoteza mnara, hivyo uchunguzi huanzia kwenye ukurasa wa modemu.

Simu janja, kwa hotspot au kwa waya wa USB, imechukua nafasi ya modemu hizi kwa watu wengi. Hata hivyo kiendeshi cha option bado kimo ndani ya keneli za leo. E1550 iliyokaa kwenye droo miaka kumi ikichomekwa kwenye Linux mpya yenye USB_ModeSwitch, hugeuka, hupata ttyUSB0, na AT+CSQ hujibu.