West Nile: Kutoka msituni hadi meza ya mazungumzo

Midia imo wilayani Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, karibu na mahali inapokutana mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Wakakwa, wenyeji wa huko, wana ndugu katika nchi zote tatu. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Lado, iliyoshikwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909. Kisha likawekwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 likaingizwa Uganda. Kwa wakoloni, West Nile ilikuwa mahali pa kuchukulia askari na vibarua wa mashamba ya miwa ya kusini. Ni kwa njia ya jeshi, kwa kiasi kikubwa, Kiswahili kilivyoenea huko.

Idi Amin alikuwa Mkakwa. Utawala wake ulipoangushwa Aprili 1979, deni lake lilidaiwa kwa watu wa eneo zima. Oktoba 1980 waliokuwa askari wake walivuka mpaka na kushambulia, na jeshi la serikali likalipiza kisasi kwa raia. Juni 1981 watu waliojihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Wengi walikimbilia Zaire na Sudan.

Katika hali hiyo zilizuka harakati za silaha. Uganda National Rescue Front ya Moses Ali ilipatana na serikali ya Yoweri Museveni, na kiongozi wake akawa waziri. Miaka ya 1990 ikaja West Nile Bank Front ya Juma Oris (neno "bank" hapa ni ukingo wa mto, si benki), kisha UNRF II ya Ali Bamuze. Zote zilidai kuwatetea wanyonge wa West Nile. Mabomu ya ardhini, hata hivyo, yaliwalemaza wanyonge hao hao.

Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilifungua mlango, na wazee pamoja na asasi za wenyeji wakasaidia kuzisogeza pande mbili. Tarehe 24 Desemba 2002 serikali na UNRF II walitia saini mkataba wa amani mjini Yumbe. Wakati huo vyama vya siasa vilikuwa bado vimefungwa mikono. Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa kwa kura ya maoni ya mwaka 2005.

Mwaka huo huo Koboko ilitengwa na Arua ikawa wilaya. Wilaya mpya huleta ofisi na ajira karibu na wananchi, lakini pia huwagawa watu waliokuwa wakidai kwa sauti moja. Wapiganaji wa zamani nao wameendelea kulalamika kwamba ahadi za mkataba hazikutimizwa zote, safari hii kwa barua na ujumbe kwa viongozi.