Malezi ya Viongozi katika Kongo ya Wabelgiji, 1945–1960

Husemwa mara nyingi ya kwamba viongozi wa Kongo huru hawakupata malezi yoyote, kwa kuwa siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, wenye shahada za chuo kikuu walikuwa wachache mno. Uchache huo hauna shaka: Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, na chuo kikuu cha Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Hata hivyo, viongozi hao walilelewa, tena katika shule mbili zisizofanana.

Shule ya kwanza ilikuwa ya utawala. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 utaratibu wa imatrikulasio, uliowasogeza waliokubaliwa karibu na sheria za Wazungu. Mwenendo wa mwombaji ulichunguzwa, hata nyumbani mwake. Wachache walialikwa kuitembelea Ubelgiji. Safari hizo ziliwafumbua macho. Lakini mteuaji alikuwa mkoloni, naye alitafuta msaidizi mtiifu.

Shule ya pili ilikuwa vyama: vya makarani, vya wanafunzi wa zamani wa misheni, na vya watu wa asili moja waliokutana mijini. Humo mtu alijifunza kuendesha mkutano, kuandika taarifa, kutunza michango na kujibu maswali ya wenzake. Patrice Lumumba, aliyesomea kazi ya posta Léopoldville, aliongoza vyama kadhaa Stanleyville, kikiwemo cha wafanyakazi wa posta, kabla ya kualikwa Ubelgiji mwaka 1956. Joseph Kasa-Vubu, mwanaseminari aliyekuwa karani, alishika uongozi wa ABAKO mwaka 1954. Chama hicho kilichoundwa kwa ajili ya lugha na utamaduni wa Kikongo kilidai uhuru bila kukawia mwaka 1956.

Shule hii ya pili nayo ilikuwa na upungufu wake. Ilifundisha kutetea watu, wala haikuweza kufundisha kuendesha serikali, kwani ngazi za juu za utawala zilibaki karibu zote mikononi mwa Wabelgiji, na jeshi halikuwa na ofisa hata mmoja Mkongo. Uchaguzi wa Desemba 1957, uliofanyika Léopoldville, Élisabethville na Jadotville tu, ulifungua mlango wa madaraka ya komini. Muda uliobaki ulikuwa miaka miwili na nusu. Tena, vyama vingi vilisimama juu ya asili, na vyama vya siasa vikairithi mipaka hiyo.

Ndiyo maana, Septemba 1960, Mobutu aliweza kukabidhi wizara kwa makamishna ambao wengi wao walikuwa wanafunzi na wahitimu wapya. Walikuwa na elimu, lakini hakuna raia aliyewachagua. Nao viongozi waliochaguliwa walisukumwa kando. Kwa maoni yetu, kasoro kubwa ya malezi ya kikoloni ilikuwa hiyo: aliyeandaliwa kwa kazi hakutumwa na watu wake, na aliyetumwa na watu wake hakupewa nafasi ya kujifunza kazi.