Kwani Yna Hana Mjomba?

Nilipokuwa sekondari, nyumba yoyote yenye TV pale Mikumi ilikuwa na wageni kila jioni. TV yenyewe ya chogo, umeme wa kubahatisha, watoto kwenye mkeka, wakubwa kwenye viti. Tulikuwa tunaisubiri The Promise, tamthilia ya Ufilipino iliyoanza kuonyeshwa kwao mwaka 2000.

Kisa mnakikumbuka. Amor, mtumishi wa ndani, anapata mimba ya Eduardo wa ukoo tajiri wa Buenavista, kisha anafukuzwa. Mtoto anapotea na kulelewa na watu wengine kwa jina la Yna. Nyumbani kwetu wengi tulikuwa Wakatoliki, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa rozari au msalaba ukutani. Hata ndoa ya Eduardo na Claudia, chungu lakini haivunjiki, ilieleweka. Ufilipino hawana talaka kwa raia wasio Waislamu. Sisi sheria yetu ya ndoa ya 1971 inairuhusu, ila Kanisa ni lile lile.

Kilichomsumbua bibi yangu ni kitu kingine. Kila Yna alipolia kuhusu wazazi wake, bibi aliuliza, "Kwani huyu hana mjomba?" Sisi tulicheka.

Imenichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa anatania. Bibi alikuwa Mvidunda. Kwa Wavidunda, kama kwa Wasagara, Wakaguru na Waluguru, ukoo unafuata mama. Mtoto ambaye baba yake hajulikani bado ana ukoo kamili, na mjomba ana neno zito juu yake.

Basi ile familia ya baba, mama na watoto, tunayoiita ya Kikristo, iliingiaje huku? Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo. Walikomboa watoto waliouzwa utumwani, wakawasomesha, na walipokua wakawafungisha ndoa na kuwapa nyumba na shamba katika kijiji cha Kikristo. Mwaka 1877 wanandoa wa namna hiyo waliongozana na mapadre hadi Mhonda, kwenye milima ya Nguru, kuanzisha misheni ya bara.

Fikiria walikuwa nani. Walikuwa wameng'olewa kwa mama zao wakiwa wadogo. Wajomba walikuwa mbali, wamekufa, au hawajulikani. Mume, mke na padre ndio ndugu waliobaki. Familia yao ndogo ilikuwa kimbilio la watu waliopoteza ukoo, na ndiyo ikawa mfano kwa vijiji ambavyo ukoo wao ulikuwa hai. Yna angekaa Mhonda bila shida. Kisa chake kilikuwa chao.

Nayaandika haya kwa sababu yangu. Kwenye cheti changu cha ubatizo, mahali pa jina la baba hapajaandikwa kitu. Shuleni wenzangu walilijua hilo, na zile jioni za The Promise nilikuwa nakaa nyuma kabisa, gizani, ili nisionekane nikifuta machozi. Nilidhani Yna na mimi tuna tatizo moja.

Bibi alijua kwamba hatuna. Karo yangu ililipwa na kaka wa mama. Na ile TV ya chogo ilikuwa ya kwake.