Jazz ya Kubonyeza: Staili za Kinanda Zilitoka Wapi?

Kama unapiga kinanda kwenye kwaya pale Kiomboi, au una rafiki anayepiga, hili swali unalijua: nitapata wapi staili za smooth jazz? Kinanda kina staili zaidi ya mia. Waltz ipo. Bossa nova ipo. Polka, ambayo sijui harusi gani ya Iramba imewahi kuihitaji, nayo ipo. Lakini ule mdundo laini wa kupiga wakati wageni wanakula haupo, au upo mmoja tu na umeshauchoka. Kabla hujamaliza bando lako kutafuta, tuulize kwanza: staili ni kitu gani, na nani aliamua zipi ziingie kwenye kinanda chako?

Tuanze na neno jazz lenyewe, maana kwetu lina historia yake. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na baadaye zikaja Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na nyingine. Ukizisikiliza, husikii New Orleans. Unasikia magitaa yanayojibizana, tumba, saksafoni, na rumba ya Cuba iliyopitia Kongo. Kwa wazee wetu jazz ilikuwa bendi ya dansi, basi. Na bendi ilikuwa watu: mpiga dramu, mpiga besi, magitaa mawili matatu, wapuliza tarumbeta. NUTA Jazz, iliyokuwa chini ya chama cha wafanyakazi, iliwalipa wanamuziki wake mshahara. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Wakati huohuo kwingineko duniani watu walikuwa wanatafuta namna ya kumtoa mpiga dramu. Mmarekani Harry Chamberlin alitengeneza Rhythmate, sanduku lililocheza vipande vya ukanda wa sumaku vyenye ngoma zilizorekodiwa. Mwaka 1959 kampuni ya Wurlitzer ikatoa Sideman. Humo hakuna rekodi kabisa: diski inazunguka, inagusa vituo vya umeme, na kila mguso unaamsha sauti ya ngoma. Ukitaka wimbo uende kasi, unaongeza mwendo wa diski. Mwaka 1967 Mjapani Ikutaro Kakehashi, ambaye baadaye alianzisha Roland, akatoa Rhythm Ace: unachagua mdundo kwa kubonyeza kitufe. Vile vitufe vyako vya waltz na bossa nova ni vya ukoo huohuo.

Usidhani hayo ni mambo madogo. Mwaka 1981 Casio walitoa kinanda kidogo cha MT-40. Mmoja wa midundo yake ulitungwa na Hiroko Okuda, binti aliyekuwa ametoka chuoni juzi tu. Mwaka 1985 huko Jamaika, Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy wakautumia kwenye Under Mi Sleng Teng, na reggae ikageukia mitambo ya kidijitali. Yaani mdundo wa kiwandani, wa mtu ambaye wachezaji hawakumjua hata jina, ulibadilisha muziki wa nchi nzima.

Sasa, staili ya leo ndani yake kuna nini? Si sauti iliyorekodiwa. Ni maagizo. Mwaka 1983 viwanda vilikubaliana lugha moja ya ala za umeme, MIDI, inayosema: piga noti hii, kwa nguvu hii, kwa muda huu. Faili ya staili ya Yamaha ni MIDI yenye nyongeza. Ina sehemu za kuanzia, za katikati, za kuunganisha na za kumalizia, na kila sehemu ina nafasi nane: mbili za ngoma, moja ya besi, na tano za vyombo vingine. Kwa kawaida mtunzi huandika kila kitu kwenye kodi moja tu, C yenye saba kubwa. Wewe ukibonyeza kodi nyingine kwa mkono wa kushoto, kinanda kinazihamisha noti kwa kufuata kanuni zilizomo kwenye faili.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Unapakua staili nzuri, unaiweka, halafu inasikika kama pambio. Kosa si la staili. Kinanda kinafuata unachobonyeza. Ukibonyeza d m s, kitakupa sauti tatu zilezile za kwenye kitabu cha nyimbo. Ongeza t, iwe d m s t, usikie tofauti. Kisha r f l d, halafu s t r f, urudi nyumbani. Anayesoma nota za kwaya tayari anazo hesabu zote za jazz laini. Kilichobaki ni kidole cha nne.

Jambo lingine ni jina. Muziki huu ulikuwepo kabla jina lake halijaenea. Breezin' ya George Benson ni ya mwaka 1976 na Winelight ya Grover Washington Jr. ni ya mwaka 1980, lakini smooth jazz kama jina la soko lilisambazwa na redio za Marekani, hasa baada ya KTWV ya Los Angeles kuanza mwaka 1987. Kwa hiyo usitafute jina tu. Angalia kwenye R&B, ballad na 16 beat. Shusha mwendo hadi kati ya 80 na 95, weka piano ya umeme mahali pa piano ya kawaida, zima gitaa lenye kelele. Na kabla ya kupakua chochote, hakikisha modeli yako inapokea faili kutoka nje, maana nyingi za bei nafuu hazipokei, na faili ya Yamaha haisomwi na Korg moja kwa moja.

Turudi kwa ule mshahara. Leo mtu mmoja na kinanda chake anamaliza harusi nzima, na kamati inafurahi kwa sababu analipwa mmoja. Mpiga dramu na mpiga besi hawakufukuzwa na mtu. Walihamia kwenye faili. Lakini faili inaandikika. Vinanda vikubwa vina sehemu ya kutunga staili, na kompyuta ya kawaida inaweza pia. Midundo ya ngoma za Wanyiramba haimo kwenye orodha ya kiwandani, na sioni nani huko Japani atakayeitunga. Mkalishe mzee anayeijua kuipiga, mrekodi, hesabu mapigo, yaandike kwenye zile nafasi mbili za ngoma, kisha weka juu yake d m s t. Na mzee naye mlipe.